Supu ya Nesi

Taarifa ya Kiwango cha Chumvi katika Supu ya Asubuhi ya Kaya, Fomu Namba Sita B, Marekebisho ya Tatu, Pamoja na Viambatisho… viambatisho ambavyo hakuna mtu katika ofisi nzima ya mji wa Obuchizawa aliyewahi kuviona, Itsuko aliwahi kuuliza, mwaka wake wa kwanza wa unesi, alipokuwa bado mtu wa kuuliza mambo, na Bwana Hatakeyama, mkuu wa kitengo cha afya, akamjibu kwa upole kabisa kwamba viambatisho vipo, ila vimeambatishwa kwingine… na sasa miaka kumi na moja imepita, na amesimama na fomu ileile jikoni kwa Bibi Towa, nyumba ya mwisho ya kitongoji cha juu, mbele ya bakuli la supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa kwa chumvi, supu ambayo kipimajoto kinasema ina nyuzi themanini na moja, na kile kijiti cha kupimia chumvi hakisemi kweli mpaka supu ishuke chini ya sitini, imeandikwa ubavuni mwake kwa herufi nyekundu, kwa hiyo ni kusubiri, kazi yenyewe sehemu kubwa ni hiyo, kusimama ukisubiri supu za watu zipoe, kaya mia nne na kumi na mbili, nesi mmoja… "Si ukae, nesi, mbona umesimama kama umeitwa polisi?" alikuwa anasema Bibi Towa, "supu haina miguu, haikimbii," na Itsuko akajibu hapana, bibi, asante, niko sawa, kwa sababu kukaa maana yake ni kukaa kwenye mkeka wa chumba cha pili, na ukikaa pale unatazamana na madhabahu ya nyumba, na kwenye madhabahu ipo picha ya Mzee Seikichi, marehemu mpya wa Februari, amevaa suti nyeusi ambayo hakuwahi kuivaa akiwa hai, mpiga picha wa mjini ndiye aliyempachikia, kichwa cha mkulima juu ya mabega ya karani wa benki, na macho yaleyale ya kukaribia kucheka… sabini na saba, inashuka, Oktoba hii jikoni kuna baridi, itashuka upesi… ila harufu, harufu ndiyo iliyokuwa inamsumbua tangu avue viatu mlangoni, maana supu iliyo mbele yake inanuka maji ya moto yaliyowahi kusikia habari za miso, ilhali nyumba nzima, hadi mapazia, inanuka miso yenyewe, ile nyeusi ya miaka mitatu pipani, na harufu haiwezi kutoka kwenye bakuli hili, inatoka kule nyuma ya jiko, kwenye sufuria kubwa nyeusi iliyosukumwa ukutani na kufunikwa kitambaa, kama mtu aliyeambiwa ajifiche wageni wanakuja, na mwaka jana ilikuwa palepale, kitambaa kilekile… usitazame huko, tazama kipimajoto.

Asilimia sifuri nukta saba ya chumvi, ndivyo kijiti kitakavyosema, hana haja hata ya kukitumbukiza, kitongoji chote cha juu ni sifuri nukta saba, cha kati sifuri nukta saba, watu wanaoamka saa kumi alfajiri, wanaotoka jasho shambani mpaka nguo zinasimama zenyewe, wanaokula figili za chumvi zilizokaushwa kwa moshi na kila kikombe cha chai, vikombe kumi kwa siku, halafu supu yao ni ya wagonjwa wa hospitali, na mkoa ukaamini, mkoa ulileta bendera ya sifa, ya hariri, yenye nyuzi za dhahabu pembeni, imetundikwa ukumbini karibu na zile chati mbili za Bwana Hatakeyama, ya chumvi inateremka kama mlima wa watoto kuserereka, ya kiharusi inatembea sawa tu, mwaka hadi mwaka, kama mtu ambaye habari haijamfikia, na mwaka juzi Itsuko alipothubutu kusema, mkuu, mbona hazifuatani, Bwana Hatakeyama aliifuta miwani yake akasema, "Dada Sugawara, hao wanaokufa sasa wanakufa kwa chumvi ya zamani," na chumba kizima kikaitikia kwa vichwa, naye pia aliitikia, aliitikia kweli, na hata aliiona ni sentensi nzuri… sabini na tatu… "Na mchumba je?" Bibi Towa alikuwa anauliza kutoka kwenye beseni, mgongo umempinda, "au unasubiri naye apoe?" akajichekea mwenyewe, na Itsuko akacheka pale panapotakiwa, kicheko cha kazini, kifupi, ana vingi vya aina hiyo…

Na si supu peke yake, hilo lazima lisemwe, mtu mwenye elimu lazima aseme, kwani bafu la nyumba hii je, liko ng'ambo ya ukumbi wa mbao usio na moto, mzee anatoka kwenye maji yanayochemka anakanyaga ubao wa baridi kama barafu, mishipa gani ya miaka sabini na moja inavumilia hayo, na pombe ya mchele kila jioni, na majira ishirini ya baridi aliyokwenda Tokyo kuchimba mahandaki ya treni kwa sababu theluji hailimiki, vumbi, mabweni, chakula cha bwenini, na wanawe wawili walioifuata njia hiyo na hawakurudi, na daktari aliye umbali wa saa moja na nusu barabara ikiwa wazi, hayo yote ungeyaandika wapi, Fomu Namba Sita B ina kisanduku kimoja tu, kina nafasi ya tarakimu mbili na nukta, mambo mengi yalimuua mzee yule, mengi, na kila moja linasimama mbele ya mwenzake kumkinga asionekane… na wewe umesimama mbele ya lipi, Itsuko… sabini, sabini kamili.

Na ile orodha ya kaya za kutembelewa hakuitunga yeye, waliitunga watu wa mkoa, kaya itakayopata sifuri nukta nane au chini yake mara mbili mfululizo inahamishiwa Kundi la Kwanza, na Kundi la Kwanza halitembelewi wakati wa theluji, halipimwi presha, ni kaya bora, imefuzu, na nyumba hii ilifuzu mwaka jana, kana kwamba kaya ina mishipa ya damu, mwenye mishipa ni mzee aliyemo ndani, naye mwaka juzi alikuwa na presha ya mia na sabini na nane kwa mia na nne, mwandiko wa Itsuko mwenyewe, na barabara ya kitongoji cha juu Januari haipitiki kwa gari, unapanda kwa miguu saa nzima, theluji magotini, begi la vipimo begani, kwa hiyo kaya za huku juu zikifuzu… zikifuzu ni nafuu kwa… kwa kitengo, ndiyo, kwa kitengo. "Haya, subiri nimpelekee mzee yake madhabahuni kabla haijapoa," Bibi Towa akasema, na kabla Itsuko hajajua la kufanya na macho yake, yule bibi alishakiondoa kitambaa, akafunua sufuria nyeusi, na harufu ikapanda ikajaza jiko lote, akachota bakuli dogo, akalishika kwa mikono miwili, na Itsuko akasikia mdomo wake mwenyewe unauliza, "Hiyo nyeusi, bibi?" "Hii ya mzee," alisema Bibi Towa, kama mtu anayeonyesha choo kiko wapi, "hiyo ndogo ndiyo yako, supu ya nesi, mzee hanywi maji ya kuoshea vyombo huyu, na sasa hata akinywa bahari nzima, nani atampiga tena?" kupigwa, ndivyo wasemavyo bondeni, hawasemi kiharusi, wanasema amepigwa, bila kusema nani amempiga… "kila nyumba inapika yako siku ukija, hukujua?" "Bibi…" "Ah, ulijua bwana! Mwaka jana si uliitazama sufuria, ukanitazama mimi, ukacheka kidogo? Nilimwambia mzee jioni, yule mtoto wa Sugawara ana utu, anajua lakini hamuumbui mtu." Akapita na bakuli lake kwenda chumba cha pili, akipiga hatua ndogondogo lisimwagike, na sauti yake ikaendelea kuja kutoka huko, kati ya kengele ndogo ya madhabahu na harufu ya ubani, "maana siku ile mzee aliamka na kichwa kizito, akasema nesi akija nitamwomba anipime presha, nikamwambia nyamaza wewe, hiyo siyo siku yake ya presha, hiyo ni siku ya supu, utamharibia mtoto wa watu makaratasi yake… basi akanyamaza, akaenda kupasua kuni… alikuwa msikivu, mzee, ukimwambia neno…"

Kuni, ndiyo, zilisikika, siku ile shoka lilisikika nyuma ya nyumba muda wote supu ikipoa, Itsuko alilisikia na akafikiri huyo yuko mzima… sitini na sita… angeweza kwenda sasa hivi na kijiti chake mpaka kwenye madhabahu, samahani, mzee, akakitumbukiza kwenye bakuli la marehemu, ingekuwa moja nukta sita, moja nukta saba, namba ya kweli ya kwanza ya mji wa Obuchizawa kwa miaka kumi na moja, na angeiandika wapi, idadi ya watu katika kaya, wawili, mmoja hayupo, na Bwana Hatakeyama angeirudisha na karatasi ndogo ya manjano, tafadhali rudia kipimo, kifaa kina hitilafu… mwaka jana hakucheka, alitabasamu, kwa adabu, ingekuwa utovu wa adabu kumuumbua bibi wa watu jikoni kwake… hapana, haikuwa adabu, aliitazama ile sufuria na kilichomjia kichwani kilikuwa barabara, ile kona ya pili baada ya daraja, Januari, upepo… alipima barabara, si supu… na zile kaya nyingine za huku juu, zote alizozifuzisha, ni wangapi sasa hivi wanapasua kuni wakiwa na vichwa vizito, nani anawajua, wamefuzu, hawamo kwenye orodha yoyote… "Imefika?" Bibi Towa aliuliza, akirudi, akijifuta mikono kwenye aproni, uso wake mwema kabisa. "Bado, bibi," alisema Itsuko. "Bado kidogo." Sitini na nne. Kalamu ilikuwa mkononi, kisanduku kitupu, mvuke unapanda.

Tarehe kumi na nne Oktoba mwaka jana, Sugawara Itsuko alipima supu ambayo hakuna mtu katika nyumba hii aliyekuwa akiinywa, akijua hivyo, akaandika sifuri nukta saba, na hakuna aliyempima Mzee Seikichi presha tena mpaka alipokufa.