Makala Iliyokatwa Kichwa

Paa lilivuja juu ya meza, kwa hiyo Shangazi, kama wasomaji walivyomwita, aliandikia kitandani, ubao wa kukatia mboga ukiwa mapajani. Ndivyo alivyoandika riwaya zake mbili. Moja ilitahiniwa mashuleni, na bado kila mwaka mwandishi wake alipanga foleni ya wageni kuomba kibali cha kukaa nchini. Dunia ina vituko.

Wiki hiyo safu yake gazetini ilihusu mtaa wake mwenyewe. Nyumba zilikuwa zimepigwa alama nyekundu ili mkwe wa Meya apate pa kujenga hoteli. Aliyasema hayo mwanzoni kabisa. Makala ikizidi nafasi, mhariri hukata kutoka chini. Shangazi alilijua hilo kitambo, hivyo makali yake aliyaweka juu, chini akatupia ya kujazia. Safari hii alijazia maneno ya Meya mwenyewe kuhusu mji safi na maisha mapya.

Mhariri alimwita ofisini.

"Shangazi, kibali chako kinaisha lini?"

"Si unajua? Barua ya kuniombea unaandika wewe."

"Basi nisaidie nikusaidie. Toa hayo ya juu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ndiyo nimekuja na dawa. Kama ni chungu, utanisamehe."

"Usinitanie! Wewe ni wa kuja hapa."

"Wa kuja, ndiyo. Wa kutishwa, hapana. Sitoi hata nukta. Ichapishe au itupe."

Alitoka kifua mbele. Hakuwaza kwamba kuna njia ya tatu.

Makala ilipotoka, tingatinga lilikuwa limeshaingia mtaani. Jirani yake, fundi cherehani, alikaa juu ya godoro nje, gazeti mkononi. Mhariri alikuwa amekata juu, akaacha chini. Picha ya Shangazi ilitabasamu, na chini yake maneno ya Meya yalisimama bila alama za kunukuu, kana kwamba ni ya Shangazi.

"Hata wewe, mdogo wangu?" fundi aliuliza. "Si ni mimi niliyekupokea?"

Aibu ilimchoma Shangazi, kisha hasira ikaifukuza. Alichukua nakala yake halisi, akapanda juu ya kabati lililolazwa barabarani, akasoma kwa sauti kuanzia juu: alama nyekundu, hoteli, mkwe. Watu wakasogea. Dereva wa tingatinga naye akazima injini asikie.

"Kibali chako," alisema askari aliyekuja na tingatinga.

"Ngoja nimalize aya."

Askari alimpungia dereva. Injini ikanguruma tena. Shangazi alipaza sauti, akapaza zaidi, mishipa ya shingo ikamsimama. Askari na wenzake walipomshika viwiko kumteremsha, hakuna aliyesikia neno lake hata moja, lakini kila mtu aliona midomo yake bado inasoma. Nyuma yake, ukuta wa fundi ulianguka.