Shayiri ya Kwetu

Siku ya tisa ya kuwekwa ndani, shangazi yake alimshika mkono juu ya kiwiko, akauzungushia kidole gumba na cha kati. Siku ya kwanza ncha za vidole hivyo zilikutana kwa shida. Leo zilipishana.

"Hebu lete ule mwingine."

Nueina akatoa mkono wa kushoto. Nao ulikuwa vilevile.

"Haya," akasema shangazi, Bi Tfarrah, "tutaongeza bakuli la nne."

Alisema hivyo kama mtu anayeongeza kigingi kwenye hema upepo unapozidi. Akatoka kwenda kukoroga. Nueina akabaki ameegemea mto, tumbo likimnguruma na kumkata, na akili yake ikihesabu bakuli nne mara siku ishirini na moja zilizobaki kabla ya harusi. Akaacha kuhesabu maana alitaka kulia.

Bi Tfarrah hakuwa mtu wa mchezo katika kazi hii. Kambi nzima ya Auserd, kambi yetu ya wakimbizi jangwani, ilimjua. Mabibi arusi kumi na saba walipita mikononi mwake wakiwa vijiti, wakatoka wanatembea kwa kushikwa huku na huku, na wakwe wakapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Kwetu sisi bibi arusi akiwa mwembamba, aibu si yake, ni ya waliomlea. Na huyu wa kumi na nane alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, yatima wa baba na mama, aliyemlea tangu ana siku sita. Akitoka hemani amekonda, watu watasema nini? Watasema Tfarrah kanenepesha watoto wa watu, wa kwake kamnyima. Midomo ya watu haina kufuli jamani, na kambini ndiyo kabisa.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana mwezi mmoja kabla. Madaktari wageni walipita, wakachoma watu vidole, wakaondoka na orodha. Nueina akaitwa hospitali, akamezeshwa mpira mwembamba wenye kamera, akaambiwa utumbo wake umechakaa. Seliaki, wakasema. Sisi twauita ugonjwa wa mkate, na hakuna ukoo usio na mgonjwa wake. Bi Suelma, muuguzi wa zahanati yetu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimweka chini pamoja na shangazi yake akawaeleza taratibu.

"Kuna kitu kinanata ndani ya unga, ndicho kinachofanya donge livutike. Tumbo la huyu linakiona adui. Kila akila, linajipiga lenyewe. Kwa hiyo ngano basi. Shayiri basi. Kuskusi, tambi, uji wa unga, basi, maisha yake yote."

Kisha akamgeukia Nueina peke yake. "Na wewe una harusi. Damu yako iko chini mno. Ukibeba mimba na damu hii, mimi sitaki hata kusema kitakachotokea. Mama yako nilimzika mimi."

Hapo Nueina aliogopa, na hofu ile haikumtoka tena.

Bi Tfarrah, ajabu, aliposikia neno ngano alifurahi. Alirudi nyumbani akabeba unga wote wa mgao akaupeleka kwa majirani. Masufuria akayasugua kwa mchanga mara tatu. Mkeka akaupiga fimbo nje mpaka watoto wakaja kutazama nani anachapwa.

"Nilijua mimi!" akawa anapiga kelele. "Miaka yote hii nasema! Unaletewa chakula ndani ya gunia, hujui nani kalima, hujui alikuwa anasema nini alipokuwa analima! Hicho ni chakula cha binadamu?"

Kwa wiki mbili Nueina alikula wali, dengu, nyama ya mbuzi, tende, na mikate ya ule unga wa zahanati unaomeguka kabla haujafika mdomoni. Tumbo likatulia. Alilala usingizi wa watu. Akadhani yamekwisha.

Halafu akawekwa ndani. Ndugu zake Lehbib, mchumba wake, wakarudi kutoka nyikani, kule kwetu kwenyewe, mvua ilikonyesha wakapanda, na wakaleta zawadi ya bibi arusi: magunia mawili ya shayiri. Bi Tfarrah alitia mkono guniani akanusa, machozi yakamlenga. Akaikaanga, akaisaga, akaipika uji mzito, katikati akachimba shimo la samli.

"Shangazi, shayiri pia imekatazwa."

"Daktari alisema ngano."

"Bi Suelma alisema na shayiri. Ulikuwepo."

"Suelma kazoea kusoma karatasi, akianza hajui kusimama. Bado kidogo angekukataza na maji." Akavuta bakuli karibu. "Ngano tuliletewa, mwanangu. Shayiri tulikuja nayo. Bibi yangu aliishi miaka tisini kwa shayiri na maziwa ya ngamia, na alikuwa haingii mlangoni ila kwa ubavu. Chakula cha kwenu hakikudhuru. Kula."

Na hilo ndilo kosa letu sisi, wala si la Bi Tfarrah peke yake. Ugonjwa uje na gunia la msaada, hilo tunaamini haraka. Utoke kwenye chungu cha bibi, nani atakubali?

Nueina alijaribu kila hila. Bakuli la asubuhi alimpa mbuzi kwa upenyo wa hema. Mbuzi akarudi na wenzake, wakasimama pale wakilia, na siri ikatoka. Akajaribu kuficha matonge chini ya mkeka, siafu wakamchongea. Tangu hapo shangazi hakuondoka mpaka bakuli liangaze. Akitapika, Bi Tfarrah alimpangusa uso kwa upole, akamwimbia kidogo, kisha akapika jingine. Ukali angeupinga. Upole ule aupinge na nini?

Kutoka hakuwezekani. Mwali hatoki. Hata angetoka, angekwenda wapi? Nje ya hema ni kambi, ambako kila mtu ni jirani ya shangazi yake. Nje ya kambi ni mawe, na nje ya mawe ni mawe mengine. Wazee wetu walikuja hapa kwa wiki chache, sasa wana makaburi.

Siku ya kumi na moja alisikia kikohozi nyuma ya turubai. Lehbib.

"We mwali, uko hai? Wanasema mlango itabidi tuupanue."

"Lehbib, nakufa humu."

Akacheka, kisha akaacha. Nueina akamweleza yote kwa kunong'ona, mdomo umegusa turubai. Damu, shayiri, bakuli nne.

"Mwambie basi wewe," akasema Nueina. "Mwambie hutaki mke mnene."

"Mimi? Nimwambie shangazi yako? Nueina, mimi nikimwona kwa mbali najifunika uso na kilemba napita njia nyingine, kama inavyotakiwa. Mkwe anaingiaje kwa mkwewe kuzungumza habari ya mwili wa binti? Watanicheka mpaka siku ya kiyama."

"Bora wakucheke kuliko wakupe pole."

"Usiseme hivyo." Akakwaruza turubai kwa kucha. "Nitaongea na mama yangu."

Mama yake akaja kesho yake, akamtazama Nueina kwa huruma, akamwambia Bi Tfarrah: "Masikini, kakonda kweli. Huenda samli ni kidogo." Ndio msaada huo!

Siku ya kumi na nne Bi Suelma alikuja kupima damu. Shangazi alikuwa amekwenda kwenye tangi kuchota maji. Muuguzi alitazama kipimo, akakitazama tena, akakitia mfukoni bila kusema namba.

"Unalishwa nini?"

"Unajua ninalishwa nini. Mwambie, Bi Suelma. Wewe atakusikia."

"Nimemwambia mara tatu. Mara ya mwisho alinifukuza na mwiko." Akaketi. "Maima alikufa kwa nini, wewe uliambiwa nini?"

Maima alikuwa mtoto pekee wa Bi Tfarrah. Alikufa kabla Nueina hajazaliwa. "Surua," akasema Nueina.

"Si surua. Mimi nilikuwa kijana, ndiyo kwanza naanza kazi. Mtoto wa miaka minne, tumbo limejaa kama kiriba, miguu kama nyuzi, anaharisha tu. Enzi hizo nani alijua jina la ugonjwa? Shangazi yako alisema unga wa msaada ndio unamuua mwanangu. Na alikuwa na haki, hata madaktari walikuwa hawajui hilo. Akauza bangili zake zote za fedha, akatuma watu, akaletewa shayiri ya kwetu. Akamwachisha mkate kabisa. Akamlisha shayiri kwa mkono wake, miezi minne, mpaka siku ile."

Nueina akaweka mkono mdomoni.

"Sasa nikimwambia shayiri ni ileile," akasema Bi Suelma akiinuka, "namwambia nini, mwanangu? Mimi mara tatu nimesema kwa sauti ya karatasi. Kwa sauti ya mtu nimeshindwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mlangoni akageuka. "Lakini wewe usile tena. Wallahi usile."

Maneno rahisi kwa mtu anayetoka nje.

Mchana ule bakuli lililetwa, na Nueina akala. Alikula kwa sababu alimtazama yule mama usoni, uso uliofurahi kwa kila tonge, akaona hawezi. Kesho yake akala. Keshokutwa akala. Alijichukia kwa kula na angejichukia kwa kukataa. Usiku na mchana vikawa kitu kimoja, tumbo na jasho na harufu ya samli.

Siku ya kumi na saba, saa za adhuhuri, alijaribu kusimama akaanguka. Si sana, ni pale pale mkekani, lakini macho yaligeuka na Bi Tfarrah akaona. Mwanamke yule alimrukia, akampakata, akamweka kichwa mapajani. Na kama hajui lingine la kufanya duniani, akavuta bakuli, akafinyanga tonge, akalileta mdomoni mwa Nueina.

"Moja tu, mama. Moja tu upate nguvu. Fungua kinywa, Maima."

Nueina akafumba meno.

"Fungua kinywa, Maima, usinifanyie hivi. Fungua."

Hakujua kama shangazi amesikia alivyomwita. Tonge lilikuwa limegusa midomo yake, la moto, linanukia vizuri, Mungu anajua. Akageuza uso.

"Shangazi," akasema. "Na shayiri pia."

"Nyamaza, huna nguvu ya kusema."

"Na shayiri pia, shangazi. Ni kitu kilekile. Ilikuwa ni kitu kilekile tangu zamani."

Tonge lilibaki vidoleni mwa Bi Tfarrah, samli ikatiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ikaingia ndani ya melhfa, shuka lake la kujitanda, naye hakupangusa. Nje mtoto alikuwa anapiga kopo teke, ka, ka, ka, akapita, akaenda zake.

"Nani kakwambia?" akauliza hatimaye. Si habari ya shayiri aliyouliza, ni ya Maima.

"Bi Suelma."

"Suelma." Akatikisa kichwa polepole. "Suelma alikuwepo. Alinishikia miguu yake."

Nueina hakuelewa. Kisha akaelewa, na alitamani asingeelewa.

"Alikuwa anakataa," akasema Bi Tfarrah. "Alikuwa anafumba meno hivi hivi kama wewe. Nikambana pua ili afungue. Kila siku, Nueina. Alikuwa akiona bakuli tu anaanza kutambaa kwenda nyuma ya sanduku."

Akaliweka tonge bakulini. Akamlaza Nueina kwenye mto pole pole, akainuka, akalibeba bakuli nje. Jirani aliyekuwa anapita akauliza bibi arusi anaendeleaje, ananawiri? Nueina akamsikia shangazi yake akijibu kwa sauti kubwa, ya kusikika hema nne:

"Bibi arusi ni mwembamba, na atatoka mwembamba! Mwenye neno aje aniambie mimi!"

Aliporudi mikono ilikuwa imeoshwa. Alileta kikombe cha maziwa ya mbuzi ya moto na tende tatu, akaviweka mbali kidogo, pale ambapo Nueina angevifikia mwenyewe akitaka. Hakumlisha. Akaketi upande wa pili wa hema, magoti yamekunjwa, akimtazama anavyokunywa.

"Nueina."

"Labeka, shangazi."

"Maima alikuwa anajua ni shayiri?"

Nueina akameza. Aliwahi kuchapwa na mama huyuhuyu kwa kusema uongo, na tangu utotoni hakumwongopea.

"Hapana, shangazi. Mtoto wa miaka minne hajui kitu. Watoto wote wanakataa kula."

Bi Tfarrah akalifikiria hilo.

"Sema tena," akasema.

"Alikuwa hajui."

"Tena."

Nueina akasema tena. Kisha akaombwa tena, akasema, na maziwa yakapoa kikombeni.