Skrini Iliyowaponya Marehemu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba marehemu wangu ni wekundu alikuwa mzee mmoja kutoka Ndithini, na nilimkasirikia siku nzima. Alikuja kuchukua programu mia mbili za mazishi ya kaka yake, akaitazama picha kwenye ya juu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, kisha akasema kwa upole, "Mama, ndugu yangu hakuwa nyanya."

Nilimwambia hilo ni jua, asimame kivulini. Akasimama kivulini, na ndugu yake akabaki nyanya. Alizichukua kwa sababu maiti ilikuwa inatoka mochari asubuhi iliyofuata na hakuwa na jinsi, lakini alipoondoka nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara, kwa Kiema, anayefanya kazi kama yangu, akisoma bei.

Naitwa Kamanthe, ingawa hapa Mumbuni, nje ya mji wa Machakos, wananiita Mama Linet. Kazi yangu kwa miaka sita ni kutengeneza programu za mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu wake ndani, nyimbo mbili, familia nyuma. Nina chumba kimoja, printa ambayo sina neno nayo, na kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumika na kuchoka. Ukiiwasha asubuhi unaweza kufagia, kupiga deki na kwenda kununua mandazi kabla haijakuonyesha kitu. Ukigusa picha, inaganda, na wewe unaganda nayo. Wateja wasio na subira huvuka barabara kwenda kwa Kiema, ambaye kompyuta yake inafanya kila kitu papo hapo na ambaye hajui hata kuchagua maua ya kupamba ukurasa.

Nilikuwa nimejibana hadi nikapata shilingi elfu saba za kuiboresha mashine. Elfu saba haiwezi kuponya kompyuta nzima. Inaponya kiungo kimoja, labda viwili vidogo. Nikamwita Zaki, fundi mwenye ndevu nadhifu na watoto wanne, anayeuza vipuri vya kompyuta mjini. Zaki aliweka kiganja juu ya CPU, lile sanduku la kompyuta, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Mama Linet, hii iko na shida moja tu. Diski. Hii ni ile ya zamani ya kuzunguka, imechoka. Tuweke SSD, na pesa itabaki tuongeze RAM. Itawaka kabla umalize kuketi."

"Sitaki diski. Nataka skrini."

"Skrini iko na nini?"

Hapo mtu mwenye akili angemweleza habari za mzee wa Ndithini. Mimi sikutaka ajue kwamba mteja ameziita picha zangu nyanya. Nikamwambia skrini inaniumiza macho.

"Basi niangalie kwanza."

"Zaki, nimekuita uangalie ama uniuzie?"

Zaki alinitazama, akashusha mkono kutoka kwenye CPU. Kesho yake alileta skrini pana yenye waya wake mpya, akachukua ile ya zamani na waya wake, akanipunguzia kidogo, na elfu saba yangu ikaisha yote. Diski ikabaki ileile na RAM ileile.

Kompyuta ilipowaka, baada ya mandazi, nilishtuka. Binti yangu Linet, ambaye picha yake ndiyo hunisalimia kila asubuhi, alikuwa mwekundu shingo mpaka paji la uso. Nikafungua marehemu wa mwaka jana, na wa mwaka juzi. Wote walikuwa wameiva. Ndipo nikaelewa. Skrini ya zamani ilikuwa inaificha rangi nyekundu, na mimi, kila nikiona uso umepauka, niliongeza nyekundu mpaka uso ukakaa sawa machoni pangu. Printa, ambayo haidanganyi, ilikuwa inaichapa yote. Nusu ya Machakos ilikuwa imezikwa hivyo na programu zangu, na niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Niliapa kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atazikwa na rangi yake.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Wathome, mwalimu mkuu mstaafu. Programu mia tano, kazi kubwa kuliko zote nilizopata mwaka huo. Mjane wake, Kalondu, aliniletea picha siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi akaja kuona nilichofanya. Wateja wangu hukaa juu ya katoni ya karatasi za printa kwa sababu kiti ni kimoja na ni changu. Yeye hakukaa. Alivaa miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mwalimu, mwaitu." Mwaitu ni mama, na kwa umri wake asingeitwa vingine.

"Huyu ni mgonjwa."

"Hiyo ndiyo picha mlileta. Sijaongeza kitu."

"Najua picha tulileta. Hatukuwa na ingine ya uso peke yake. Nilikuja kwako juu ya vile ulifanyia Kamene. Kamene alilala kitanda miaka mitatu, lakini kwa programu yako alikuwa kama mtu ametoka kula pilau. Watu walilia vizuri." Akaiweka karatasi mezani. "Wale watoto Mwalimu alifundisha wanakuja Jumamosi kutoka kila mahali. Hawajamwona miaka kumi. Sasa ndio wamkute hivi?"

Aligeukia mlango.

"Shemeji yangu anasema twende kwa Kiema. Nimemwambia angoje mpaka saa nane."

Alipotoka nilijaribu. Nilisogeza kile kialama cha rangi nyekundu kidogo, kompyuta ikaganda, ikafunguka, na nikaona nyanya. Nikarudisha. Nikaongeza tena, nikaona nyanya tena. Mkono ulikataa. Nikampigia Zaki simu aje upesi na skrini yangu ya zamani, ile isiyonionyesha nyekundu.

"Ile mbovu?" akauliza.

"Ileile mbovu. Njoo nayo vile iko."

Alikuja na skrini chini ya kwapa, na sasa ilinibidi nimweleze yote, pamoja na nyanya. Alisikiliza bila kucheka, akaiunganisha kwa waya wa ile mpya. Linet akatokea, mwekundu vilevile. Zaki akainama nyuma ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Linet," alisema kutoka chini, "hii skrini ni mzima. Ilikuwa ni waya. Ule waya wako wa zamani ulikuwa haupitishi nyekundu vizuri."

"Waya ni pesa ngapi?"

"Mia tatu."

Nilikaa kwenye kiti changu. Elfu saba yangu ilinipita mbele ya macho na kurudi.

"Ungeniacha niangalie..."

"Zaki, nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Huo waya uko wapi?"

Uko kwenye katoni yake ya nyaya, akasema. Akaifuata mjini, akarudi nayo ikiwa imejaa mpaka mdomoni, nyaya nyeusi zote, zimesokotana. Tulizimwaga sakafuni na kuanza kuzijaribu mmoja mmoja. Kila mmoja ulionyesha Linet mwekundu. Kila mmoja ulikuwa mzima.

"Sijawahi kuona mtu akitafuta waya mbovu," Zaki alisema. "Kawaida hizo ndizo hunitafuta mimi." Baada ya waya wa ishirini hivi akauliza, "Lakini si uongeze tu nyekundu, kama zamani?"

"Zamani nilikuwa naongeza nikidhani ndiyo rangi yake. Sasa najua ninadanganya. Siwezi kumdanganyia mtu mbele ya kaburi lake."

Zaki alifikiria hilo. "Sisi Waislamu tunazika siku hiyohiyo," akasema. "Hayo mambo ya programu hayajatufikia." Kisha akaacha kupekua na kujikuna ndevu. "Kuna waya mmoja niliuza juzi."

"Kwa nani?"

Aliangalia ng'ambo ya barabara. Kiema alikuwa amesimama mlangoni kwake akitupungia mkono. Nilikuwa radhi kufunga duka na kurudi kulima kabla sijaenda kumwomba Kiema waya wake mbovu.

Saa nane Kalondu aliingia akatukuta sakafuni katikati ya nyaya. Nilisimama, nikajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka nilimwambia mteja ukweli wote. Nilimwambia kwamba Kamene hakuponywa na ufundi wangu. Aliponywa na waya wa shilingi mia tatu, na huo waya sasa sina. Nikamwambia nikiongeza rangi najiona mwongo, na kama anataka kwenda kwa Kiema sitamlaumu. Nilijua zile mia tano zikivuka barabara, na wengine watazifuata.

Mama huyo alizitazama nyaya, akanitazama mimi, kisha akaisogeza katoni ya karatasi karibu na meza na kukaa.

"Fungua Mwalimu," akasema. "Wewe hukumjua. Mimi namjua. Ongeza, nitakuambia."

Nikaongeza kidogo. Kompyuta ikaganda, na Mwalimu akabaki na ugonjwa wake pale kwenye skrini yangu ya elfu saba. Nilianza kuomba msamaha lakini Kalondu hakuwa ananisikiliza.

"Alikuwa na rangi ya mtu wa kutembea," alisema. "Kutoka kwetu mpaka shuleni ni masaa mawili. Alikataa baiskeli. Alisema mwalimu akifika ameketi, watoto watalala."

Ikafunguka. "Bado," akasema. Nikaongeza, ikaganda.

"Alikuwa anacheka kabla ya kumaliza hadithi yake. Huwezi kujua mwisho, anacheka peke yake mpaka machozi. Hapa shavuni kunakuwa hivi." Akajigusa shavu lake mwenyewe. Zaki alikuwa amesimama na waya mkononi, ameusahau.

Ikafunguka. "Bado kidogo. Hapo umepita, anakaa mlevi, na hakuwa mlevi. Rudisha."

Nikarudisha, ikaganda tena, muda mrefu zaidi. Akatuambia jinsi Mwalimu alivyomwandikia barua ya uchumba na kisha kumrudishia jibu lake akiwa amelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilicheka, naye akacheka. Picha ilipofunguka alikuwa bado anacheka, na kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo alikuwa, kabla ya dawa."

Nilijiandaa kuona nyanya. Haikuwa nyanya. Alikuwa mwanamume mzee mwenye damu mwilini, anayeweza kuinuka na kwenda kazini. Kalondu alivua miwani na kulia, nami nikalia pamoja naye bila kujificha, na Zaki akaanza kukusanya nyaya zake kwa haraka isiyo na sababu.

Programu mia tano zilitoka siku hiyo. Jumamosi waliokosa waliomba za wenzao. Tangu wakati huo kila anayeleta picha namwambia akae aniambie niongeze wapi, na Kiema amepungukiwa na wateja. Isitoshe, marehemu wake wameanza kuwa wekundu. Nimemwona akiwasimamisha watu kivulini.

Miezi miwili baadaye Zaki alipita dukani na diski ya SSD mfukoni, kitu kidogo cha kutosha kiganja.

"Nimekuwekea hii. Umepata pesa?"

"Nilipata. Nimeshazitumia."

"RAM?" Akanywea. "Mama Linet, usiniambie ulienda kununua RAM kwa mtu mwingine."

Nikamwonyesha. Kiti cha mbao chenye mgongo na mto wa kukalia, kimetengenezwa na seremala wa hapa hapa Mumbuni, kimewekwa pale katoni ilipokuwa.

"Kiti si kipuri cha kompyuta," Zaki alisema.

"Cha hii yangu, ni kipuri."

Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuwa amekikalia, akinieleza jinsi mzee wake alivyokuwa akiongea na mbuzi zaidi kuliko na watu. Kompyuta ilikuwa imeganda kwa dakika tatu nzima. Zaki hakuvumilia. Alisogea na kunyoosha kidole chake cha ufundi kwenye kibodi, aiamshe.

Yule mama akamshika mkono.

"Wacha isifunguke kwanza," akamwambia. "Sijamaliza."