Meza ya Mdomo, Meza ya Magoti

Wifi yangu tulimwita Brigedia. Jina hilo nilimpa mimi, maana nyumba nzima alituendesha kama kambi ya jeshi. Tangu asikie redioni kwamba ardhi ya kwetu inaweza kutetemeka wakati wowote, hatukupumzika. Kabati la nguo alilifunga ukutani kwa skrubu. Mlangoni akatundika begi lenye tochi, maji na filimbi, na ole wako uiazime hiyo tochi. Mimi sikosi neno, nikamwambia, "Wifi, tetemeko lenyewe likija litakuogopa wewe."

Tulikuwa tukishona sare za shule, mimi, yeye na mama mkwe, katika chumba cha mbele chenye meza ya kukatia vitambaa, ya mbao nzito na miguu minene. Hiyo ndiyo ilikuwa kimbilio letu. Brigedia akipiga kelele "Meza!", unaacha chochote unachofanya, unaingia chini yake, unafunika kichwa na kushika mguu wa meza mpaka aseme basi.

Ila mama mkwe alikuwa na presha, na kila adhuhuri Brigedia alimkumbusha dawa kwa neno hilo hilo, bila hata kusimamisha cherehani: "Mama, meza!" Bibi wa watu, pale dirishani alipokaa kushonea vifungo, hakuacha kututania.

"Meza ipi, mwanangu? Ya mdomo au ya magoti?"

Tulivunjika mbavu. Utani ulitukolea kiasi kwamba hakuna aliyetaka kulibadilisha neno.

Tetemeko lilikuja adhuhuri. Mimi nilikuwa nimepeleka sare shuleni, kwa hiyo ya ndani niliyapata kwa Brigedia mwenyewe, vipande vipande. Alipiga kelele, "Meza! Meza!", akajitupa chini, akageuka kumpokea mama yake. Mama yake akaitikia, "Haya, mwanangu," akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji. Ukuta wa dirishani ukamwangukia. Majirani walipomtoa, kidonge alikuwa bado amekifumbata.

Nililia mpaka sauti ikanikauka, kwa sababu mwanamke yule alinipenda kama wa kumzaa. Brigedia hakulia. Alichukua godoro akahamia barazani, na ndani hakutia mguu tena. Lori likipita, anaruka. Anashika kifua, vidole vinamfa ganzi, anasema, "Wifi, nakufa." Mshauri wa zahanati alitufundisha la kufanya: akanyage chini kwa nguvu, atoe pumzi taratibu, ataje anavyoviona. Basi mimi nisiye na subira nikawa wa kuchuchumaa mbele yake.

"Sema, wifi. Unaona nini?"

"Naona ndoo."

"Na nini tena?"

"Naona kandambili zako mbovu."

"Asante. Toa pumzi."

Hofu ilikuja na kuondoka. Kilichomshinda ni kumeza. Daktari alimpa vidonge vya kumtuliza apate usingizi, lakini kila akitia kimoja mdomoni koo lilijifunga, akakitema. Chakula nacho kikaanza kumkwama. Akabaki na uji, kisha uji nao akaukataa. Gauni lake nikalipunguza, nikalipunguza tena, mpaka daktari akaniambia waziwazi kwamba tukiendelea hivi tutampoteza na huyu. Siku hiyo nilimjia juu.

"Unataka nizike wangapi mimi?"

Nikaingia ndani nikalia nikiwa nimeuma kitambaa, asinisikie.

Lile neno tulikuwa tumelifuta nyumbani. Dawa ilikuwa ya kunywa, na meza tuliiita "ile ya kukatia". Hata zoezi nilikuwa nimelibadilisha, sasa tunasema "Uvunguni!" Mchana mmoja nikiwa napiga pasi chumba cha mbele, ukuta tumeshaujenga upya, vikombe vikaanza kugongana. Nilizima pasi nikapiga kelele, "Uvunguni!" na kujitupa chini. Sijakaa sawa, Brigedia huyo, amekimbia kutoka barazani, amepiga magoti kando yangu, ameukumbatia mguu wa meza. Tetemeko halikuwa kubwa. Lilipopita, yeye ndiye aliyebaki akitetemeka.

Tulikanyaga chini, tukatoa pumzi. Alipotulia kidogo nikamletea maji, nikatoa kidonge mfukoni mwa aproni, nikamwekea kiganjani. Sikupaza sauti. Nilimtazama usoni nikasema, "Meza, wifi."

Nilidhani atanitupia kikombe. Midomo ilimcheza.

"Meza ipi?"

"Ya mdomo. Ya magoti tumeshaimaliza."

Akakitia mdomoni, akanywa. Maji mengine yalimwagika kidevuni, akajikaza, akameza. Kidonge kilishuka. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, paji la uso kwenye ule mguu wa meza, nami nikimpapasa mgongo uliobaki mifupa mitupu.

"Kila siku alikuwa anauliza, wifi," akasema. "Kila siku. Kwa nini siku ile hakuniuliza?"