Maji ya Upande wa Maskati

Baada ya sala ya alasiri Bi Turkiya alichemsha kahawa, akatia iliki, akapanga tende kwenye sahani, akaenda kukaa kwenye mlango wa chumba cha kulala ampe mumewe finjani. Mumewe, Bwana Suud, alikuwa kakaa kitandani ndani ya maji. Maji yalisimama wima kutoka sakafuni mpaka darini na kuishia sawasawa kwenye kizingiti. Hata tone halikumwagikia ukumbini. Bi Turkiya alipitisha mkono, ukalowa mpaka kwenye kiwiko, na Bwana Suud akapokea kwa mkono wa kulia kama alivyofunzwa na mama yake Unguja.

Maji hayo yaliletwa na wadi, mto mkavu unaojaa siku ya mvua tu. Mvua ilinyesha mbali milimani, upande wa Dima wa Tayyin. Huku kwao Ibra kulikuwa na jua na watu wameanika nguo. Bonde ambalo siku zote ni changarawe na mbuzi likajaa kufumba na kufumbua. Bi Turkiya alikimbilia juu ya paa. Bwana Suud alirudi chumbani kufuata miwani, maji yakamkuta humo. Jioni wadi ilishuka, ikaenda zake kuzama mchangani, na nyumba nzima ikakauka isipokuwa chumba kile.

Sababu ilijulikana. Mpaka wa ofisi mbili ulipita kwenye kizingiti. Ukumbi ulikuwa wa Ofisi ya Viwanja ya mkoa, chumba kilikuwa cha Ofisi ya Mabonde ya Maskati, na maji yale yalikuwa na adabu kuliko watu, hayakuingia kwa wenyewe bila hodi. Majirani walimshika Bwana Suud mikono wakamvuta. Alitoka mpaka mabegani, akarudi. Maji hayakuwa na idhini ya kumwachia.

Bi Turkiya alitaka jambo moja tu, amzike mumewe. Maiti hacheleweshwi, na huyu alikuwa anacheleweshwa mbele ya macho yake. Wakaja mabwana wawili, kila mmoja na gari lake na ramani yake, wakaandaliwa kahawa.

"Shikamoo, mama," alisema Mahrous wa Mabonde, ambaye wazee wake walitoka Mwanza. "Sisi tulishasema zamani hapa ni wadi, mtu asijenge. Sasa nikitoa haya maji nitakuwa nimekubali kuna nyumba. Kwenye ramani yetu nyumba hakuna."

"Na mimi nikimtoa mzee nitakuwa nimekubali pana wadi," alisema Zuhair wa Viwanja. "Sisi tulimpa kiwanja, wallahi, kiwanja safi. Wadi siijui."

"Basi nani atanipa ruhusa ya kuzika, wanangu?"

"Inshallah," walijibu wote wawili, na hilo ndilo neno pekee walilokubaliana.

Hapo ndipo mtu hushika kichwa. Maji kusimama wima si kitu, Mungu akitaka husimama. Lakini watu wazima wawili, wenye mama zao nyumbani, walimtazama maiti kitandani, wakamwamkia, wakapima kizingiti kwa utepe, wakamaliza tende, wakaondoka.

Bi Turkiya akabaki na kahawa yake. Kwa desturi ya huko, aliyetosheka huitikisa finjani anapoirejesha. Asipoitikisa, humiminiwa tena. Bwana Suud hakuwa akiitikisa. Kila alasiri alirejesha finjani imetulia, na mkewe akamiminia, akajiambia kwamba mtu anayetaka kahawa hajaondoka bado. Kwa ajili hiyo hakukaa eda. Alikwenda sokoni, akavaa kanga zake za rangi, na moyoni alijua anakosea.

Alasiri moja kulisikika nyundo nje. Watu wa Zuhair walikuwa wanapigilia vigingi vya viwanja vipya, bondeni, chini zaidi ya nyumba yake. Bwana Suud aliwatazama kupitia dirisha la chumba. Aliwatazama mpaka kahawa ikaisha, halafu akamgeukia mkewe, akanyoosha mkono, akaitikisa finjani.

Bi Turkiya alikuwa tayari ameinua buli. "Kidogo tu," alisema.

Akaitikisa tena.

Baada ya hapo humimini. Kummiminia aliyekwisha kukwambia basi ni kumvunjia heshima, na katika maisha yao yote hakuwahi kumvunjia. Alipokea finjani, akaiosha, akaiweka kabatini. Akalia mpaka magharibi. Kisha akaoga, akavaa nguo zisizo na pambo, akafunga mlango wa mbele, akaanza eda.

Siku chache baadaye Zuhair alipiga hodi. Alitaka kufunga kamba kwenye kona ya nyumba, apimie viwanja.

"Siwezi kukufungulia, mwanangu," alisema Bi Turkiya nyuma ya mlango. "Nimekaa eda."

Sauti ya Zuhair ilikuwa ya upole kweli kweli.

"Eda ya nani, mama? Ofisini hajafa mtu bado."

Akafunga kamba kwenye nondo za dirisha la ukumbini, upande wake. Alipopita dirisha la chumba alimsalimia Bwana Suud, halafu akaivuta kamba bondeni mpaka aliposimama bwana mmoja na mkewe, wakisubiri kuonyeshwa jiko lao litakaa wapi.