Kitambaa cha Alhamisi

Fundi aliuchora mpango wa kuihamisha familia yake kwenye karatasi ya kahawia, ile ile aliyozoea kukatia magauni ya wateja, kwa chaki ile ile ya bluu. Mkono ulikuwa na mazoea yake: hapa bega, hapa kiuno, hapa pindo. Sasa ukaandika: hapa mlango wa nyuma, hapa gari, hapa daraja.

Wiki ya tatu ilikuwa ikienda ukingoni tangu wafu waanze kuinuka. Watu hawakupenda kuwaita wafu. Utamwitaje mfu mtu ambaye juzi tu alikuazima pasi? Wakawaita waliorudi. Walizurura barabarani kama watu waliosahau walichotumwa, na kilichotisha zaidi si meno yao, ni kwamba walirudi na mazoea yao. Walipunga mkono. Waliita watu kwa majina. Jirani wa ghorofa ya chini alimfungulia mkewe mlango kwa sababu tu alimwita kwa lile jina lao la chumbani, na habari za jirani zikaishia hapo.

"Kwa hiyo ukinisikia naita, usiniamini," fundi akamwambia mumewe. "Ukiniona napunga mkono, usiniamini."

Mumewe, dereva wa gari la kiwanda cha mikate, akacheka kwa pua. "Miaka saba ya ndoa, leo ndiyo kwanza unaniruhusu nisikusikilize."

"Acha mzaha, bwana. Kitu kimoja hawakiwezi: fundo. Nimewachungulia dirishani. Yule mwalimu wa ghorofa ya pili ana siku nne anahangaika na kamba ya kiatu chake."

Sheria ikawa hiyo. Kila alfajiri fundi angefunga kitambaa kwenye kamba ya nguo pale kibarazani, na kila siku ina rangi yake. Jumatano njano, Alhamisi kijani. Dereva akikiona cha siku hiyo, ajue juu kuna watu wazima na akili zao. Apige honi mbili, washuke. Asipokiona, asisimame, asiite, asingoje. Ampeleke mtoto.

Mtoto wao alikuwa mmoja, wa miaka mitano, wakimwita Kidoti kwa alama iliyokuwa shavuni pake. Barabara zilipofungwa alikuwa kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji. Dereva angeondoka Jumatano kumfuata, arudi Alhamisi kuwachukua mama yake na mkewe, kisha wote wavuke daraja kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi wanajeshi walikuwa walilipue, waliorudi wasivuke mto. Atakayebaki huku, amebaki.

"Na mama?" fundi akauliza. "Tumweleze habari za kitambaa."

Mama mkwe alikuwa jikoni akisugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Dereva akashusha sauti.

"Mama ana presha. Ukimwanzia mambo ya madaraja kulipuliwa, atatuangukia hapa hapa. Siku ikifika mshike mkono, mshuke. Basi."

Fundi alitaka kubisha. Kusema kweli, hakutaka sana. Kumweleza mama mkwe jambo moja kulimaanisha kukaa chini kuelezwa mengine matatu. Akaikunja karatasi. Kule jikoni sufuria zilinyamaza kidogo, kisha zikaanza kugongana kwa nguvu kuliko mwanzo.

Alhamisi alfajiri alikifunga cha kijani, akalivuta fundo mara mbili. Kila kitu kilikuwa tayari. Ngazi arobaini na mbili, alikwisha kuzihesabu. Mama mkwe, na goti lake lile, dakika nne. Mifuko ya mgongoni aliishona kwa kipimo cha kila mtu, na wa Kidoti akautia kijifuko cha pembeni cha kuwekea mdoli, asije akaukumbatia mikononi badala ya kumshika mama yake.

Saa nane mchana alikuwa ameinamia cherehani, akimalizia mkanda wa mwisho. Nje kulianza kuwa na kiza cha mvua. Mama mkwe akapita nyuma yake akiburuza kandambili, akinung'unika wimbo wake wa siku zote:

"Wingu lote hilo! Fundi mzima, nguo za watu zitanyeshewa, yeye kimya."

Maneno hayo aliyasikia tangu siku ya kwanza alipoolewa. Yalimpita masikioni bila hata kubisha hodi. Akaendelea kukanyaga pedeli.

Ndipo akausikia mngurumo wa gari la mikate. Aliujua kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Akauruka mkanda, akauruka mfuko, akatokeza kibarazani.

Kamba ilikuwa tupu. Bado ilikuwa ikitikisika.

Chini, gari lilipunguza mwendo. Dereva alitoa kichwa dirishani, akatazama juu, akaitazama kamba. Pembeni yake Kidoti alikuwa amesimama juu ya kiti, utepe mmoja umefunguka.

"Nipo! Mimi mzima! Baba Kidoti, ni mimi!" Fundi alipunga mikono yote miwili, akalitaja jina la mtoto, akalitaja tena. Na huku anapunga, akajua anavyoonekana kutoka kule chini. Barabarani, waliorudi watano wakainua vichwa kuitafuta sauti. Mmoja baada ya mwingine, nao wakaanza kupunga.

Mumewe alimtazama kwa muda ambao ungetosha kushuka ngazi kumi. Kisha akaweka kiganja juu ya macho ya mtoto, akafanya kama alivyofundishwa. Gari likakata kona.

Fundi alishuka mbio. Alipofika chini, wale watano walishafika getini, wamevutwa na kelele zake mwenyewe. Mnyororo ulikuwa ukilia. Akazipanda zile ngazi arobaini na mbili.

Mama mkwe alikuwa amesimama sebuleni na kitambaa cha kijani, amekikunja mara nne, amekinyoosha kwa kiganja.

"Nimekuanulia. Lile fundo lako nalo, nusura linitoe kucha. Mbona unalia, mwanangu? Halafu lile gari si letu? Mbona halikusimama?"

Mdomoni mwa fundi yalikuja maneno ambayo yangemwangusha yule mama kweli. Akaitazama mikunjo ile minne. Akakaa sakafuni, akamweleza yote: rangi, fundo, daraja, presha.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Haijawahi kutokea.

"Mngeniambia," akasema.

"Tulikuonea huruma, mama."

"Watoto saba nimezaa, wanne nimezika kwa mikono hii. Leo kitambaa ndicho kingeniua? Mliona uvivu kunieleza. Sema tu."

"Tuliona uvivu, mama."

Saa kumi kishindo kilitoka upande wa mto, vioo vikatetemeka. Kule ng'ambo kulikuwa na mwanamume aliyekuwa mgane ilhali mkewe anapumua, na mtoto aliyekuwa akielezwa, kwa maneno ya upole, kwamba mama hayupo tena.

Mama mkwe akageukia dirishani, upande wa mto. "Mto ule, pale kwenye kinu kibovu cha kusagia, usichanani mwangu nilikuwa nikiuvuka kwa miguu. Maji kiunoni."

Fundi akainua uso. "Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Fundi akaivuta karatasi ya kahawia, akaigeuza upande usiokuwa na kitu, akatafuta chaki. "Hata sasa mtu anaweza kuvuka?"

"Sasa hivi hapana. Mvua zikishakatika. Wiki tatu, mwezi." Akalikanda goti lake. "Chora kinu kwanza. Siyo hapo, mwanangu. Kushoto."

Walipomaliza, fundi alikichukua kitambaa, akatoka nacho kibarazani, akakifunga tena kwenye kamba, ingawa wa kukitafuta alishapita. Mvua ikaanza kwa matone makubwa. Kijani kikawa kinageuka cheusi. Mama mkwe alikitazama kikilowa, mikono ameibana katikati ya magoti, na hakuinuka kwenda kuanua.