Tone la Maji juu ya Gogo

Mzee Kasimiri alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hakukutana na mjinga aliyejiamini kuliko mdogo wake wa tumbo moja, Valentino.

Siku hiyo Valentino alikuwa amejikalia uani kwa kaka yake, Tabora mjini, ameshika kwa ncha za vidole picha aliyoileta mjukuu wao Tekla, kana kwamba ameokota panya aliyekufa. Ilikuwa picha ya ubongo wa Eustadia, mke wa Kasimiri, wenye uvimbe upande wa kushoto. Madaktari walitaka kuutoa, na fomu ya ridhaa ilikuwa ikingoja saini. Wangekosea njia, Eustadia angeamka bubu.

"Eti mjukuu wangu, hizi nyuzi za rangi mmeziona bila kupasua?"

"Ndiyo, babu." Tekla kazi yake ilikuwa hiyo mashine ya sumaku, MRI. "Mwilini mna maji, na maji hayatulii. Penye nyuzi za neva hujongea zaidi kwa kuzifuata kuliko kwa kuzikatiza. Mashine hupima mjongeo huo, nasi tukajua nyuzi zimelala vipi. Hapa uvimbe umezipinda. Wakipitia ubavuni, watakata nyuzi za maneno. Wapitie chini."

"Maji!" Valentino alicheka hadi akapaliwa. "Kaka, msitie saini. Daktari mzoefu hukata kwa jicho."

Kasimiri aliinuka. Alikokota gogo kavu la mninga, lililoletwa kutoka Sikonge kwa kazi ya mzinga wa nyuki na kubanduliwa gome, akamkabidhi mdogo wake shoka.

"Nipasulie pande mbili sawasawa. Kwa jicho."

Valentino akatema mate viganjani, akapiga. Ufa ukaenda mshazari kama mlevi arudiye nyumbani, ukatokezea ubavuni. Mzinga ukawa kuni.

Kasimiri akachovya kidole kikombeni, akadondosha tone la maji juu ya kipande kizima. Mti ukalinywa polepole. Doa likarefuka mshazari, sambamba na ule ufa.

"Marehemu baba alikuonesha hili ukiwa na miaka saba. Hakuna mchonga mizinga anyanyuaye shoka kabla ya tone. Wewe umelisahau, kisha unamcheka binti aliyeligundua bila kufundishwa nawe! Nimewahi kuwarudisha darasa watoto wenye akili kukushinda. Lete kalamu, Tekla, niidhinishe mimi, kwa kuwa katika nyumba hii…"

"Mwalimu."

Eustadia alikuwa akimenya karanga kando yao. Siku hizi maneno yalimjia mojamoja, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Kichwa… changu. Kalamu… nipe."

Kasimiri akapokea kalamu na fomu kwa Tekla, akampa mkewe. Eustadia akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kisha akamgeukia Valentino aliyekuwa bado ameegemea shoka.

"Shemeji. Hizo kuni zako… jikoni."